Ma Pelagia Hakuwa Mtalii

Anayesema kuomba viza ya mtandaoni ni kazi ya dakika kumi hajawahi kukaa kwenye kiti changu. Nimekikalia miaka kumi na minne hapa Rubwera, hatua chache kutoka ofisi za wilaya, na nasema bila kumung'unya maneno: dakika kumi ni za mtu wa mjini mwenye jina la ukoo, namba ya nyumba, kadi ya benki na mtandao usiokatika mvua ikinyesha. Sisi wengine tunahitaji mtu anayeijua kazi. Mtu huyo, Karagwe na Kyerwa yote, alikuwa mimi.

Ijumaa iliyopita nimewakabidhi wasaidizi wangu, Jovin na Editha, funguo za ofisi. Hakuna aliyenistaafisha, maana hakuna aliyeniajiri. Macho yamechoka na kioo cha kompyuta, basi. Hawa wawili wana akili, wana vyeti, na wanachapa haraka kuliko mimi. Lakini wiki hiyohiyo nilimsikia Jovin akimwambia mteja, "Hii rahisi tu, mama, nipe pasipoti ukae." Nilishikwa na hasira nikainyamazia mbele ya mgeni. Sasa naiandika. Nawaandikia hasa habari za Ma Pelagia wa Nyakahanga, ambaye ana binti mmoja tu. Binti huyo alikuwa karibu kujifungua ng'ambo, na kilichosimama kati ya mama na mwanawe ni ukurasa mmoja nilioujaza mimi. Ila nianze mwanzo, kwa sababu kosa lile lina mizizi.

Nilitoka Ihanda na mashati mawili. Baba alikuwa na kahawa na migomba kama kila mtu, na kama kila mtu alitegemea nibaki nichume kahawa. Nikaenda. Nimeosha vyombo katika hoteli za Uarabuni, nimebeba mizigo ya watu ambao hawakunitazama usoni, na baada ya miaka sita ya kubeba nikaingizwa kwenye ofisi ya kukata tiketi kwa sababu nilikuwa nimejifunza kuandika majina ya abiria bila kukosea. Jioni nilisoma. Sikusomeshwa na mjomba wala shirika. Stashahada yangu ya Usafiri na Utalii nimeilipia kwa mgongo wangu, na nilipofungua ofisi niliitundika juu ya mlango wa ndani. Wapo waliosema imekaa juu mno. Imekaa pale ili anayeisoma ainue kichwa.

Niliporudi, watu walisubiri kuona lori la saruji. Mimi nilishuka na skana ya kioo, printa na kompyuta moja. Binamu yangu alizunguka lile boksi la skana mara mbili.

"Miaka yote Uarabuni, umerudi na kioo?"

"Na cheti," nikamwambia.

"Cheti kinaezeka nyumba?"

Wiki ya tatu ofisi ilikuwa imejaa, na jina nililopewa mjini likawa Dipoloma. Walioanza kuniita hivyo walikuwa wakinitania. Baadaye waliniita hivyo kwa sababu hawakuwa na mwingine wa kumwita.

Siku hizo viza ilikuwa safari kabla ya safari. Ulipanda basi mpaka Dar es Salaam, ukasimama kwenye foleni, ukafika dirishani, na mtu nyuma ya kioo akakuuliza maswali matatu kisha akakurudishia karatasi zako. Basi zikaja viza za mtandaoni, nchi moja baada ya nyingine, na tukatangaziwa kwamba foleni imekwisha. Foleni haikwisha. Ilihamia ofisini kwangu.

Ombi langu la kwanza la mtandaoni lilianza saa tatu asubuhi likaisha saa kumi jioni. Mteja alikuwa mfugaji kutoka upande wa mbugani, mtu mwenye ng'ombe wengi na subira nyingi kuliko mimi. Kwanza fomu ilitaka mtaa na namba ya nyumba. Halafu ikatoa picha tisa ikituagiza tuthibitishe kwamba sisi ni binadamu kwa kuchagua zenye taa za kuongozea magari.

"Dipoloma," akasema, "taa za kuongozea magari Kyerwa ziko wapi?"

"Hakuna, mzee."

"Kwa hiyo Kyerwa hakuna binadamu?"

Tulicheka, lakini mimi nilikuwa nimeudhika kweli, na mpaka leo nimeudhika. Mtu anakaa nchi ya mbali, anatunga mtihani wa ubinadamu kwa vitu vya mtaani kwake, kisha mzee mwenye wajukuu kumi na wawili anashindwa. Na hapo hatukuwa tumefika kwenye majina. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake anapozaliwa. Mfugaji yule alikuwa Kagaruki, na binti aliyetaka kusafiri naye alikuwa Kokugonza, na kila mtu Kyerwa angekuambia ni baba na mwana. Nchi waliyoiomba viza ikaandika kuuliza: mbona hawana jina moja la ukoo, na je, kuna uthibitisho kwamba huyu si mtoto wa watu? Yule mzee alinitazama kama mimi ndiye niliyemtukana. Nilimwandikia barua ya maelezo ambayo baadaye niliitumia kwa wateja wengi. Ipo kwenye faili la bluu, Editha anaijua.

Aliyenifundisha kazi hii hakuwa na kompyuta. Mzee Anatoli alikuwa karani mstaafu aliyekaa kwenye baraza ya duka la jirani na mashine ya chapa, akiwaandikia watu maombi ya hati za vizazi na barua za serikali. Alikuwa mkali, alivuta ugoro, na alichukia kufutwa kwa herufi kuliko alivyochukia dhambi. Mwanzoni nilimdharau, nisifiche. Nilikuwa na stashahada na yeye alikuwa na utepe wa wino. Siku moja alinikuta nikimkadiria mama mmoja tarehe ya kuzaliwa ili fomu iendelee.

"Ulikuwepo alipozaliwa?"

"Sikuwepo, mzee."

"Yeye kasemaje?"

"Kasema alizaliwa msimu wa senene. Fomu haina msimu wa senene."

"Basi muulize senene za mwaka gani, nani alikuwa mtawala, nani alikufa. Kaa naye mpaka mwaka upatikane. Usimtungie mtu maisha yake." Kisha akagonga meza yangu kwa kidole chenye wino. "Andika alichosema mwenyewe. Wewe ni kalamu. Kalamu haina mdomo."

Nililishika neno hilo kuliko yote niliyosoma darasani. Na lingine: soma fomu mpaka mwisho kabla hujaandika herufi ya kwanza. Alipofariki niliacha kazi siku tatu, na niliporudi niliendelea kumtii.

Vifaa vyangu mnavijua, lakini hamjui sababu zake. Rula ya plastiki ni ya kuwekea chini ya ile mistari miwili ya herufi kwenye pasipoti, kwa maana jina la mtu kwa mashine ni lile la pale, hata kama lile la juu linasomeka vizuri zaidi. Shuka jeupe lililogongomelewa ukutani ni la picha, na lazima lipigwe pasi, maana mkunjo mmoja mfumo unauita kivuli. Sinia la aluminiamu mnaloliwekea chai, tafadhali, si la chai. Miaka ile picha za wateja zilirudishwa na maneno yaleyale: uso hauonekani. Uso upo! Macho yapo, pua ipo, mtu ameketi mbele yangu ananitazama. Mashine iliyotengenezwa kwa fedha za kutosha kujenga hospitali haikujifunza kuona mtu mweusi. Nilijaribu taa, nilijaribu dirisha, mwishowe nikamshikisha mteja lile sinia magotini, chini kidogo ya kifua, mwanga wa mlangoni ukampanda usoni. Ikapita mara ya kwanza. Hilo halimo kwenye mtaala wa chuo chochote. Ni langu.

Na barua pepe iwe ya mteja mwenyewe, nywila aiandike kwa mkono wake, aondoke nayo. Nimeona steshenari nyingine zikitumia barua pepe moja kwa watu wote; mwenye duka akihama, viza za watu zinahama naye. Na anwani ya tovuti isomeni herufi kwa herufi. Mwalimu mmoja wa Karagwe alijaza kwa simu yake kwenye tovuti iliyojifanya ya serikali, yenye ngao na tai na bendera inayopepea. Ikamtumia karatasi nzuri kuliko ya kweli. Alifika uwanja wa ndege amevaa suti ya harusi ya kaka yake, wakamwambia karatasi hiyo hawaijui. Aliniletea niitazame, kana kwamba nikiitazama mimi itageuka. Nilikuwa na hasira ya kutaka kuvunja kitu, na hakukuwa na wa kumvunjia.

Sasa Ma Pelagia.

Alikuja asubuhi ya Jumanne. Alikuwa mhudumu wa wodi mstaafu, mjane, mwenye shamba dogo la migomba huko Nyakahanga. Alikuwa amezipita ofisi zote za Kayanga, akapanda hiace mpaka Rubwera, kwa sababu ya jina langu.

"Shikamoo, Ma."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye Dipoloma?"

"Ndiye mimi."

"Wamesema hujawahi kukataliwa."

"Sijawahi." Hiyo ilikuwa kweli siku ile.

Akaweka mezani pasipoti mpya iliyofungwa kwenye kitambaa, na kifurushi cha kahawa ya kutafuna, ile ya kuchemshwa na kukaushwa ambayo kwetu huwezi kuanza mazungumzo ya maana bila kuipitisha. Tulitafuna. Kisha akaniambia habari za Advera, binti yake, muuguzi, aliyeolewa na kuajiriwa ng'ambo. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika kule ugenini, na mara zote mbili alirudi peke yake kwenye nyumba tupu kwa sababu mumewe hufanya kazi za zamu. Hii ilikuwa ya tatu. Ilikuwa imebaki majuma saba.

"Safari hii nataka akifungua macho anione mimi," akasema. "Hicho tu."

Nchi ile sitaitaja, nisije nikanyimwa viza mimi mwenyewe. Kwa mtandao ilimpa mtu wa pasipoti yetu aina moja tu ya viza, ya utalii, siku thelathini. Nikamweleza.

"Fomu itasema unakwenda kutalii, Ma."

"Nani? Mimi?" Akageuka kumtazama Editha kama anayetafuta shahidi. "Binti, umesikia? Mtalii ni yule anayepita hapa na gari la vumbi, kamera shingoni, anakwenda kutazama viboko. Mimi mwanangu ana mimba."

"Basi nitaeleza kwamba unakwenda kumtembelea."

"Kutembelea! Majirani ndio wanaotembelea. Wanaleta sabuni, wanakunywa chai, wanaondoka. Mama mzazi anakwenda kazini. Nani atampikia uji? Nani atamkanda? Nani atamwogesha mtoto? Waitu, jamani, usiniandike mtu wa kutembeatembea. Andika nakwenda kufanya kazi, miezi mitatu, kama mama yangu alivyonifanyia mimi."

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Mama anayekwenda kwa binti aliyejifungua hapokelewi sebuleni. Anaingia kwa mlango wa jikoni, anafunga kanga kiunoni, na siku hiyo anashika sufuria. Akisema amekuja kutembea, amemtukana binti mbele ya wakwe, maana yake amekuja kukaa ahudumiwe. Mama yangu alifanya hivyo kwa dada zangu wote watatu, na alirudi kila mara amekonda. Nilimwelewa Ma Pelagia kabisa. Na sikioni nilimsikia Mzee Anatoli: andika alichosema mwenyewe.

Nikaweka alama kwenye utalii kwa sababu hapakuwa na kingine. Na kwenye kisanduku cha kueleza kusudi la safari nikaandika, kwa Kiingereza changu ambacho hakuna aliyewahi kukilalamikia, kwamba mwombaji anakwenda kufanya kazi nyumbani kwa binti yake, kupika, kufua na kumwogesha mtoto, kwa miezi mitatu. Niliisoma mara mbili nikaona ni sahihi. Ilikuwa sahihi. Nikatuma.

Siku ya nne Ma Pelagia alimpigia Editha simu, akamsomea herufi za nywila yake, akamwomba amfungulie barua pepe. Nikamwona Editha anaacha kutafuna. "Dipoloma, njoo uone." Mistari miwili. Kusudi la safari halilingani na aina ya viza iliyoombwa. Uamuzi huu haukatiwi rufaa.

Niliwakasirikia wao kwanza, na sijutii. Niliandika barua ya kurasa mbili. Nilieleza mila, nilieleza maana ya mama katika nchi yetu, niliambatisha hati ya kuzaliwa ya Advera. Jibu lilikuja kabla sijainuka kitini: asante kwa kuwasiliana nasi. Hakuna binadamu anayesoma kurasa mbili kwa sekunde nne. Nikapiga simu, ikapigwa muziki. Nikaandika tena, wakanishukuru tena. Wale wale waliotaka tuthibitishe kwamba sisi ni binadamu!

Editha alimwambia Ma Pelagia barua bado inasomwa. Mimi sikumpigia. Habari kama hiyo kwetu haipelekwi kwa simu. Nilipanda hiace, kisha bodaboda, nikamkuta uani akifunga senene zilizokaangwa kwenye mfuko, za kumpelekea Advera. Alinitazama nilivyoshuka, akaweka mfuko chini.

"Wamesemaje?"

"Wamekataa, Ma. Wamedhani unakwenda kuajiriwa."

"Kuajiriwa na nani?"

"Na Advera."

Alicheka, akacheka mpaka akajifuta macho na upindo wa kanga. "Mawe, mama yangu! Mtoto niliyemfuta kamasi aniajiri mimi?" Halafu kicheko kikakatika, na macho aliendelea kuyafuta. "Sasa nani atakuwa naye?"

Nilikaa pale kwenye kigoda chake, mtu mwenye stashahada, na nilikuwa naanza kuona sehemu yangu. Nikwambieni, Jovin, Editha, kwa sababu hili halimo kwenye faili la bluu. Miaka yote nilijua kumsikiliza mteja. Anayeuliza sikumsikiliza. Afisa wa uhamiaji akiuliza unakuja kufanya nini, hataki habari za maisha yako. Anataka kujua kama utachukua ajira ya mtu wao na kama utarudi kwenu. Mzee Anatoli aliwaandikia watu wa hapa barua za kusomwa na watu wa hapa. Karani wa wilaya akisoma "nakwenda kazini kwa binti yangu" anaona sufuria na mtoto. Yule wa kule aliona mfanyakazi asiye na kibali. Nilipaswa kulijua hilo. Nilifanya kazi kwenye nchi za watu, mimi mwenyewe niliulizwa swali hilohilo, na nilijua walichokuwa wakitaka kusikia. Nikasahau kwa sababu ya kujiamini.

Kesho yake tulikutana ofisini kuomba upya. Hapo ndipo alipoingia yule mwenye duka la simu la ng'ambo ya barabara, mtu ambaye hujaza viza za watu kati ya kuuza vocha na kuuza chaja.

"Ma, usihangaike," akasema. "Wakiuliza kama umewahi kukataliwa, weka hapana. Kusudi, andika unakwenda kuona wanyama."

"Huko kwa mwanangu kuna wanyama?"

"Huko? Huko magorofa matupu, Ma."

"Basi hata uongo wenyewe hujui kuutunga."

Nilimtoa nje, na kwa sauti ambayo ofisi za wilaya ziliisikia. Kukataliwa kumeandikwa kwenye mfumo wao. Ukisema hapana, umemfungia mtu mlango wa nchi hiyo maisha yake yote. Tuliweka ndiyo. Tukaeleza kwamba maelezo ya kwanza yaliandikwa vibaya na msaidizi, yaani mimi. Tukaandika kwamba mwombaji anakwenda kumwona binti na mjukuu kwa siku thelathini, atakaa kwao, atatunzwa nao, na atarudi kwenye shamba lake. Nilimtafsiria kila sentensi. Alisikiliza akiwa ameinamia mikono yake.

"Kwa hiyo nimekuwa mgeni wa mwanangu."

"Kwenye karatasi tu, Ma."

"Mimi nimefanya kazi wodini miaka thelathini, baba. Kilichoandikwa kwenye karatasi ndicho anachotibiwa mgonjwa." Akaweka sahihi.

Ombi la pili la mtu aliyekataliwa huenda kwenye uchunguzi wa ziada. Hawakuambii ni wa siku ngapi. Ma Pelagia alikuja kila Jumanne na kila Ijumaa, akakaa kwenye benchi kando ya mlango wenye cheti changu, na Jovin akafungua ukurasa ule: inachunguzwa. Wiki moja. Mbili. Tatu. Wanachunguza nini? Mjane wa miaka sitini na saba, shamba la migomba, mfuko wa senene! Nilikuwa nawaza hivyo kila siku, na kila siku nilikuwa najua kwamba uchunguzi ule ulianza na sentensi yangu.

Ijumaa ya nne simu yake ililia akiwa pale kwenye benchi. Ilikuwa video. Advera alikuwa kitandani, kofia ya hospitali kichwani, na sauti yake ilikuwa ndogo. Mtoto alikuwa amekuja kabla ya siku zake, kwa upasuaji, jana yake. Mzima. Wa kike. Ofisi nzima ilisimama, hata wateja. Ma Pelagia peke yake hakusimama.

"Nani amekaa na wewe?"

"Mwenzangu wa kazini, mama. Baba Doi yuko zamu."

"Doi ndiye nani?"

"Ndiye huyu." Akainua mtoto kidogo. "Tumempa jina lako la nyumbani, Kokuteta. Doi ni jina ambalo baba yake anamtania nalo."

"Huyo mwenzako ni mtu wa wapi?"

"Wa Ufilipino."

"Alimwogesha yeye?"

"Ndiyo, mama."

Ma Pelagia akaisogeza simu karibu na uso. "Muulize namba ya mama yake," akasema. "Nimshukuru. Amelea mtoto wa kutumwa."

Viza ilitoka siku kumi na moja baadaye, karatasi moja yenye msimbo mweusi kwenye kona. Niliichapisha mwenyewe, nakala tatu. Alisafiri. Alifunga kanga, alishika sufuria, alikanda, aliogesha, na siku ya thelathini akarudi, kwa sababu tuliahidi atarudi na yeye si mtu wa kuvunja ahadi hata aliyoandikiwa na mtu mwingine. Mtoto alikuwa ameanza kumjua kwa sauti. Hayo aliniambia Editha, mimi hakuniambia.

Alikuja tena mwezi uliopita. Shikamoo, marahaba. Advera alikuwa anarudi kazini na mtoto hajatimiza miezi sita. Nikavuta kiti changu nikafungua ukurasa.

"Inuka," akasema.

"Ma?"

"Nijaze mwenyewe. Kiingereza cha wauguzi nakiandika, si kizuri lakini nakiandika. Wewe nionyeshe pa kubonyeza."

Katika miaka kumi na minne hakuna mteja aliyewahi kukaa kwenye kiti kile. Nikainuka. Nilikaa kwenye stuli ya wateja, ambayo sikujua kwamba ina mguu mfupi, nikamwonyesha. Alichapa kwa kidole kimoja. Aliisoma fomu yote mpaka mwisho kabla hajaanza, bila mimi kumwambia. Rula aliitumia vizuri kuliko Jovin. Kwenye swali la kukataliwa aliweka ndiyo kwa kishindo. Ilikuwa karibu saa mbili, na mtandao ulikatika mara moja, na hakulalamika.

Alipofika kwenye kisanduku cha kusudi la safari, akaondoa kidole.

"Geuka."

"Ma, ni vizuri nikiangalia kabla ya—"

"Geuka, baba. Tazama barabarani. Umeshanisemea mara mbili."

Niligeuka. Watumishi wa wilaya walikuwa wanarudi kutoka chai, wawili wawili, mafaili kwapani. Nyuma yangu vibonyezo vililia kimoja kimoja, vikanyamaza, vikalia tena kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nilitaka sana kugeuka. Ningeweza kumkosesha tena, au kumwokoa, na sikujua ni lipi.

"Sasa nabonyeza wapi?"

"Chini kulia, Ma. Pameandikwa kutuma."

Akabonyeza.

Viza ilitoka siku ya sita, na hilo ndilo ombi la mwisho nililolisimamia mwenyewe. Alichoandika sikijui. Jovin alisema nakala imebaki ndani ya kompyuta, tunaweza kuifungua tujue alifanyaje. Nilimwambia aifute, na nikasimama nyuma yake mpaka alipomaliza.